Rimoti mkononi: Anzia na ngalawa ya Chwaka, mwisho wake unaweza kuwa VAR ya Amaan

JOZANI, Unguja

MEI 25, 2025 pale New Amaan Complex, Simba ilikuwa inasaka mabao ya kupindua kipigo cha 2-0 ilichopewa na RS Berkane kule Morocco. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, uwanja umejaa, kipindi cha pili Steven Mukwala anatia mpira kambani. Watu wakarukiana. Kisha ikaja VAR, bao likafutwa kwa kuotea, mechi ikaisha 1-1 na kombe likapanda ndege.

Tangu siku ile barazani watu wamebishana kuhusu mwamuzi na mstari, na wengine hadi leo hawasalimiani vizuri. Lakini ni wachache waliouliza swali jingine. Wale waliofunga kamera, waliovuta nyaya na waliohakikisha mwamuzi anasikia sauti ya chumbani bila kukatika, kazi ile walijifunzia wapi?

Kazi ya namna ile haianzii kwenye chumba cha VAR. Inaanzia chini kabisa, kwa bisibisi, betri na kidude kilichoharibika ambacho mtu amekifungua ili aone ndani kuna nini. Ndiyo maana leo ukurasa huu wa michezo unazungumzia magari ya rimoti, ngalawa za rimoti na umeme mdogo mdogo wa mezani. Shabiki wa soka anayeishi Pete, Kitogani, Charawe au Cheju anaweza kuanza, na kuna sababu ya kimpira ya kufanya hivyo.

SOKA LA LEO LIMEJAA VIDUDE

Juni 11, 2021, ufunguzi wa Euro 2020 pale Olimpico, Roma, Italia dhidi ya Uturuki. Mpira wa mechi haukuletwa na mtoto wala mwamuzi. Uliletwa na kigari kidogo cha rimoti kilichoingia hadi katikati ya uwanja kikiwa kimeubeba juu yake. Italia ikashinda 3-0, lakini kwa watu wengi kilichobaki kichwani usiku ule ni kile kigari.

Mwaka uliofuata kule Qatar mambo yakaenda mbali zaidi. Mpira wa Kombe la Dunia, Al Rihla, ulikuwa na sensa ndani yake iliyotuma taarifa mara 500 kwa sekunde. Novemba 28, 2022 Ureno iliifunga Uruguay 2-0. Bao la kwanza Cristiano Ronaldo alishangilia akidai ameugusa mpira kwa kichwa, lakini likaandikwa la Bruno Fernandes. Adidas, waliotengeneza mpira ule, walisema sensa haikuona mguso wowote wa Ronaldo. Yaani kidude cha ukubwa wa sarafu kilimkatalia Ronaldo bao mbele ya dunia nzima.

Sasa sikiliza hili. Sensa ya ukoo ule ule, inayopima mtikisiko na mzunguko, inauzwa kwa wanafunzi na mafundi wa mitaani ikiwa juu ya kibao kidogo kuliko kiberiti. Siyo kali kama ile ya Qatar, ila kanuni yake ni moja. Bei yake kwa kawaida haifikii jezi ya mtaani. Tofauti iliyopo ni nani anajua kuiunganisha.

DRONI ZILISHAPITA JUU YETU

Mtu akisema haya ni mambo ya Wazungu, mwambie aangalie juu. Kuanzia mwaka 2016, Zanzibar ilipigwa picha kutoka angani, Unguja na Pemba, kwa ajili ya kutengeneza ramani mpya. Kazi ile ilihusisha Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Benki ya Dunia. Wanafunzi wa SUZA walifundishwa kurusha droni, na wakazirusha.

Droni zenyewe, aina ya eBee, zilikuwa na umbo la ndege yenye mabawa, mwili wa povu gumu, na zinarushwa kwa mkono kama unavyorusha mpira wa kurusha. Uzito wake haufiki mipira miwili ya soka. Ikishapanda inafuata njia iliyopangwa kwenye kompyuta, inapiga picha zinazopandana ukingoni, na baadaye picha zile zinaunganishwa kuwa ramani moja.

Halafu ikaja Cheju. Mwaka 2019, kwenye mashamba ya mpunga ya Cheju, jirani kabisa na hifadhi ya Jozani, droni kubwa za kilimo aina ya DJI Agras zilipita juu ya maji kupambana na mbu wa malaria. Kila moja ina uwezo wa kubeba lita 10, ndoo nzima ya maji. Hazikunyunyiza sumu. Zilinyunyiza kimiminika kinachotandaza utando mwembamba juu ya maji, na viluwiluwi wa mbu wakija juu kuvuta pumzi wanakosa.

Kwa hiyo droni zimeshafanya kazi juu ya vichwa vyetu, si mara moja. Swali la kijana wa vijiji hivi ni jepesi, nalo linauma kidogo. Zikija tena, wewe utakuwa umeshika rimoti au utakuwa umesimama kwenye tuta unaangalia?

ANZIA MAJINI, BAHARI IPO

Kosa la wengi wanaoanza ni kutaka droni siku ya kwanza. Hiyo ni sawa na mtoto wa timu ya mtaa kudai namba kwenye fainali ya Kombe la Mapinduzi kabla hajajua kutuliza mpira. Anzia chini. Na hapa kwetu, chini ni majini.

Chombo cha kwanza cha rimoti ambacho dunia ilikiona hadharani kilikuwa boti. Mwaka 1898 Nikola Tesla alionyesha boti dogo pale Madison Square Garden, New York, akiliongoza kwa mawimbi ya redio bila waya wowote. Sisi watu wa pwani boti dogo si jambo geni. Watoto wa Unguja wanachonga ngalawa za kuchezea kwa mbao nyepesi au ndara zilizokatika, wanashona tanga kwa kiroba cha mchele, halafu wanashindana ufukweni. Kilichobaki ni kuitia ngalawa ile akili.

Na akili yenyewe ni ndogo. Unahitaji sevo mbili, kipokezi kimoja, rimoti na betri nne ndogo za kawaida zinazotoa voti 6. Mota huhitaji, upepo ni bure.

Sevo ni mota ndogo yenye mkono, ambayo haizunguki ovyo bali inakwenda kwenye pembe unayoiambia na kukaa hapo. Kipokezi kinaiambia kwa mapigo ya umeme, mara 50 kwa sekunde. Pigo likidumu sehemu moja ya elfu ya sekunde, mkono unakwenda upande mmoja. Likidumu mbili, unakwenda upande wa pili. Moja na nusu, unakaa katikati. Ukilielewa hilo, umeelewa nusu ya mchezo huu wote, maana usukani wa gari, mkia wa ndege na mguu wa roboti vinatumia lugha hiyo hiyo.

Sevo ya kwanza ifunge kwenye usukani wa ngalawa. Ya pili ivute na kulegeza kamba ya tanga. Basi.

Kuna ujanja mmoja hapa. Tanga la ngalawa halisi linataka baharia wa kuhamisha foromali upande wa pili unapogeuka kwenye upepo. Sevo haina mikono ya baharia. Kwa hiyo weka tanga la pembetatu lenye mti chini yake, linaloweza kujigeuza lenyewe upepo ukibadilika. Ikiwa chombo kinalalia upande, ongeza uzito chini kwa kutumia chubwi za mshipi.

Kipokezi na betri viweke ndani ya kikopo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, matundu ya nyaya uyazibe kwa grisi. Waya mdogo wa antena upandishe mlingotini, kwa sababu mawimbi ya rimoti za siku hizi hayapenyi maji. Antena ikizama, umeshapoteza chombo. Ukirudi nyumbani suuza kila kitu kwa maji baridi ya mferejini, ukaushe. Chumvi haina msamaha, italia shaba ya nyaya taratibu mpaka siku moja usukani utakataa.

Ghuba ya Chwaka ina maji mafupi na ni nzuri kwa kujifunzia, lakini jua majira yako. Siku za bamvua maji yanatoka mbali sana, na ngalawa iliyoshikwa na maji yanayotoka hairudi kwa kubembelezwa. Chagua siku za maji mafu, au anza wakati maji yanajaa ili chombo kikizima kisukumwe ufukweni. Wazee wa pwani wanajua hesabu hii kuliko programu yoyote ya simu. Waulize.

GARI: HAPA NDIPO UNAPOJUA MFUMO

Baada ya majini, njoo nchi kavu. Madukani kuna magari ya aina mbili na ukikosea hapa utalia. La kwanza ni la vinyago, la pili ni la mchezo wenyewe.

Gari la kinyago likifa limekufa. Kila kitu kimegandishwa kwenye bodi moja, huwezi kubadili kimoja bila kingine. Mengi ya zamani yanatumia mawimbi ya megahezi 27, na magari mawili ya namna moja yakikutana uwanjani yanaweza kusikiliza rimoti moja, fujo tupu. La mchezo, kama yale ya Tamiya ya Japani yaliyoanza mwaka 1976 au ya Traxxas ya Marekani, limetengenezwa lifunguliwe. Kila kipande kina spea yake. Rimoti zake zinatumia gigahezi 2.4, na rimoti moja inafunga ndoa na kipokezi kimoja. Magari kumi yanaweza kucheza pamoja bila kuingiliana.

Ukisikia ‘moja kwa kumi’, maana yake ni udogo. Gari halisi la mita 4 na sentimita 20 linakuwa kigari cha sentimita 42.

Ndani yake kuna kikosi kamili. Rimoti ni kocha, anatoa maelekezo. Kipokezi ni nahodha, anayasikia uwanjani na kuyagawa. Kidhibiti mwendo ndiye namba sita, anapokea umeme kutoka nyuma na kuamua mota ipewe kiasi gani. Mota ndiye mshambuliaji, sifa zote zake. Betri ni pumzi ya timu, na kama tunavyojua sote, pumzi ikiisha dakika ya 70 hata mshambuliaji awe nani hakuna kitu.

Jambo la kwanza la kupima kwenye gari lolote ni moja: zima rimoti, gari linafanya nini? Gari zuri husimama lenyewe linapopoteza mawimbi. Ikiwa linaendelea kukimbia, usilitoe barazani. Na barabara kuu inayopita Jozani isiwe uwanja wako hata siku moja. Kuna daladala, kuna magari ya watalii, na kuna kima punju wanaovuka. Wanyama hao hawapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar, wasiongezewe tabu nyingine ya magurudumu.

Njia ya bei nafuu kwa asiye na fedha za gari jipya ni hii. Tafuta la kinyago lililokufa bodi lakini magurudumu na gia zake ni nzima. Toa bodi yote. Funga kidhibiti mwendo, kipokezi na sevo mpya. Ukimaliza una gari unalolijua kila waya, na siku likizima hutamtafuta mtu.

BETRI INATAKA HESHIMA

Hapa naomba tusifanye mzaha. Betri za lithiamu za magari haya na droni zina nguvu nyingi ndani ya mwili mdogo, na zikiudhiwa zinawaka moto.

Seli moja ina voti 3.7 za kawaida. Ikijaa kabisa ni 4.2, usiipitishe hapo. Ikishuka chini ya voti 3 inaharibika, hivyo simamisha gari mapema, ikifika 3.3 au zaidi kidogo. Ukiiweka kabatini kwa wiki nzima iache kwenye 3.8, si imejaa wala si tupu. Ichaji kwa chaja yake inayosawazisha seli, si kwa chaja ya simu iliyokatwa waya. Iweke ndani ya chungu cha udongo, mbali na godoro na mapazia, na usiiache peke yake ukaenda kuangalia mechi. Iliyovimba usiitoboe wala usiibonyeze, kazi yake imekwisha.

Kuna vijana wanatoa seli kwenye betri za kompyuta mpakato zilizotupwa. Nyingi bado zina uhai, ila hujui zimepigwa mara ngapi wala zimeanguka wapi. Ni kama kumsajili mchezaji bila vipimo vya afya. Anayeanza aziache.

Hesabu ya muda ni rahisi. Betri iliyoandikwa 2000 maana yake ina ampia 2 kwa saa moja. Gari likila ampia 10 kwa wastani, unapata sehemu ya tano ya saa, yaani dakika 12. Kwa hiyo usishangae jamaa wa mchezo huu wakiwa na betri tatu mfukoni. Hata kocha ana wachezaji wa akiba.

UMEME MDOGO WENYE FAIDA KWA TIMU

Hapa ndipo shabiki wa soka anapoingia rasmi. Kibao cha Arduino, au ndugu yake mwenye Wi-Fi anayeitwa ESP32, ni kompyuta ndogo isiyo na skrini wala kibodi. Unaiandikia maagizo kwenye kompyuta, unayapitisha kwa waya wa USB, na yenyewe inayatekeleza mpaka umeme uishe.

Zoezi la kwanza la kila mtu ni kuwasha taa ndogo. Kibao kinatoa voti 5, taa nyekundu inataka kama 2, kwa hiyo voti 3 lazima zimezwe na kizuizi. Ukiweka kizuizi cha omu 220, mkondo unakuwa kama miliampia 14, taa inawaka vizuri na haiungui. Ukisahau kizuizi, inawaka kwa furaha fupi. Somo hilo moja linakufundisha kanuni ya Ohm kuliko ubao wa skuli.

Zoezi la pili ndilo ninalotaka kila timu ya kijiji ilifikirie: geti la mbio.

Makocha wetu wengi wanapima kasi ya vijana kwa saa ya mkononi. Kijana anakimbia mita 10, kocha anabonyeza. Tatizo ni kwamba jicho la binadamu na kidole chake vinachelewa kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Tuseme kijana anamaliza mita 10 za mbio zilizokwisha kolea kwa sekunde 1.6, ambayo ni kilomita 22 na nusu kwa saa. Ucheleweshaji wa 0.2 kwenye 1.6 ni moja ya nane ya muda wote. Hapo unaweza kumpa namba winga asiyestahili, na mwenye kasi ya kweli akarudi nyumbani akiamini yeye ni mzito. Kuna vipaji vinapotea hivyo, na hakuna VAR ya kuvirudisha.

Geti linaondoa kidole. Unachukua kalamu mbili za leza, zile za kuelekezea ubaoni, na sensa mbili za mwanga. Leza na sensa ya kwanza zikae pande mbili za njia pale mwanzo, za pili mita 10 mbele. Kila sensa itumbukize ndani ya kipande cha bomba jeusi ili jua letu lisiidanganye. Kijana akikata mwanga wa kwanza, kibao kinaanza kuhesabu. Akikata wa pili, kinasimama na kuonyesha muda kwa sehemu za elfu za sekunde. Weka mwanga kwenye usawa wa kiuno, usiuelekeze machoni mwa mtu.

Maagizo yake hayazidi mistari michache, na nyaya zake fundi simu yeyote wa Darajani anaweza kukuonyesha namna ya kuzichomea risasi zikashika. Kutoka hapo unaweza kwenda kwenye ubao wa namba za mwamuzi wa akiba, saa kubwa ya uwanja, au kengele ya mazoezi inayolia kila baada ya sekunde 30. Timu nyingi za madaraja ya chini hazina hata kimoja kati ya hivyo.

DRONI NI DARAJA LA MWISHO

Najua mnachokitaka. Mnataka kupiga picha mechi kutoka juu, mpangilio wa timu uonekane, video iende kwa mawakala. Ni wazo zuri, na kocha anayeuona uwanja kutoka juu anaona nafasi ambazo benchi halizioni. Lakini hapa kuna sheria na kuna aibu, tuzijue zote mbili.

Sheria kwanza. Tanzania ina kanuni za droni za mwaka 2018 zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na huwezi kuirusha kihalali bila kibali. Wizara ya Ulinzi nayo ina neno lake. Dari la kawaida ni futi 400, karibu mita 120, na viwanja vya ndege ni mwiko. Juu ya hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka usifikirie kabisa bila ruhusa ya maandishi ya wahusika. Kuna wageni wametua Unguja na droni begini bila kibali, zikaishia mikononi mwa maofisa. Uliza kabla ya kununua, si baada.

Sasa aibu. Oktoba 14, 2014 mjini Belgrade, Serbia na Albania zilikuwa 0-0 kuelekea mapumziko. Ikatokea droni ikining’iniza bendera yenye ramani ya kisiasa. Beki wa Serbia, Stefan Mitrović, akaivuta bendera, wachezaji wa Albania wakamvaa, mashabiki wakaingia, mechi ikavunjika. UEFA iliipa Serbia ushindi wa 3-0 lakini ikainyang’anya pointi tatu. Julai 2015 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaugeuza ushindi ule kuwa wa Albania, na Albania ikafuzu Euro 2016, mashindano yake makubwa ya kwanza. Rimoti moja mikononi mwa mtu mmoja ilivuruga hesabu za kundi zima.

Julai 2024 kwenye Olimpiki ya Ufaransa, benchi la timu ya wanawake ya Kanada lilinaswa likitumia droni kuchungulia mazoezi ya New Zealand. FIFA ikawakata pointi sita na kumfungia kocha Bev Priestman mwaka mmoja. Wasichana walishinda mechi zote tatu za kundi, wakamaliza na pointi tatu badala ya tisa. Walivuka, lakini kila goti lililochubuka lililipia kosa la mtu mwenye rimoti.

Ukiiona droni kwa macho hayo, utaelewa kwa nini inakuja mwisho. Gari likikosea linagonga ukuta. Ngalawa ikikosea inalowa. Droni ikikosea inaangukia mtu.

Anayetaka kujiandaa afanye hivi: kwanza apige mazoezi kwenye programu ya kompyuta inayoiga urushaji, ambako ukianguka unabonyeza kitufe na kuanza upya. Pili ajifunze upepo. Kusi linapovuma au kaskazi linapokolea, droni nyepesi inapigana hadi betri inakwisha kabla haijarudi. Wavuvi wa Chwaka wanaangalia anga kabla ya kutoka. Mrushaji naye aangalie.

UNAANZAJE WIKI HII

Usinunue kila kitu kwa mkupuo. Vifaa vya mwanzo ni bisibisi ndogo za aina tatu, koleo, kichomeo cha risasi chenye ncha nyembamba, na mita ya kupimia umeme. Mita ndiyo ya kwanza kabisa, kwa sababu asiyepima anabahatisha.

Tafuta fundi redio au fundi simu, umwombe akuachie vitu vilivyokufa. Printa mbovu ina mota. Redio mbovu ina spika na vizuizi. Kinyago kibovu kina gia. Fungua, chora ulichokiona kabla ya kung’oa, kisha urudishe. Kurudisha ndiyo mtihani.

Tafuta wenzako wawili. Mmoja mwenye mkono mwepesi wa kuchonga, mmoja mwenye kichwa cha hesabu, mmoja mwenye kompyuta. Gharama ya rimoti moja mkiigawa watatu inakuwa na sura ya utu. Na rimoti nzuri hainunuliwi mara mbili, leo inaendesha ngalawa, kesho inaendesha gari, kesho kutwa ndege.

Kisha nendeni kwa kocha wa timu ya kijiji chenu na ombi moja: jioni moja ya kupima kasi ya vijana wote, kwa geti la kujitengenezea. Msimwambie habari za Qatar wala Ronaldo. Mwekeeni namba mezani, aone winga wake wa kulia ana sekunde ngapi na yule mtoto anayekaa nje ana ngapi.

Akishaona hivyo, wiki inayofuata atawatafuta yeye mwenyewe. Na hapo ndipo mtakapokuwa mmesajiliwa, bila kuvaa jezi.